Kalamu Nyekundu ya Mama Pampu

Ile kompyuta ya sebuleni ingeweza kuganda Jumatatu. Ingeweza kuganda Alhamisi, siku ambayo nyumbani hakuna mtu ila Mama Pampu, mumewe na mijusi ya ukutani. Lakini wapi! Ilingoja Jumapili, ikangoja Meneja amalize kula, anawe mikono, aegemee kochi na kushusha pumzi ya shibe, halafu ndiyo ikaganda. Kwenye televisheni iliyounganishwa nayo akabaki mtu mmoja kaachama mdomo katikati ya neno, hasemi wala hanyamazi, na sebule nzima ikawa inamtazama.

Meneja alikuwa kifungua mimba wa nyumba ile. Kazini kweli alikuwa msimamizi wa duka la vifaa vya umeme, lakini jina la Meneja alipewa na wadogo zake tangu hajaota ndevu, kwa tabia yake ya kupenda kupanga mambo ya watu. Siku hiyo hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba hii ni mara ya tatu anakuja kuwaamkia wazazi wake anakuta lile kasha limekufa, na kwamba mashine ya umri ule kwao dukani hata kwenye ghala la mabovu haipokelewi. Akaeleza habari za kisanduku kipya, chembamba, kinaenea kiganjani, ambacho mtu hana haja ya kubonyeza chochote. Anakisemesha tu nacho kinatii. Kwa bahati, akasema, alikuwa nacho garini.

"Kikae hukohuko garini," akasema Mama Pampu.

Jina hilo la Pampu lilianza kama kejeli likaishia kuwa cheo. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye nyumba ya mitambo ya maji, mwanamke peke yake kati ya wanaume tisa, akilinda pampu tatu kubwa zilizokuwa zinausukumia maji mji mzima. Kazi yenyewe ilikuwa ya masikio na daftari. Kila saa unaandika: sauti ikoje, joto likoje, taa zikoje, na mwisho wa mstari unaandika jina la mwendeshaji wa zamu. Kalamu nyeusi ni ya mambo ya kawaida. Kalamu nyekundu ni ya makosa, na aliyekosea ndiye anayeandika kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi, awe mfagiaji au awe mkuu wa kituo. Mama Pampu hakuwahi kuishika kalamu nyekundu hata siku moja. Alilisema hilo harusini, akalisema msibani, na watoto wake walikuwa wanaweza kulisema kabla yake.

Alipostaafu, alirudi nyumbani na tabia zake zote. Chini ya televisheni palikuwa na kompyuta ambayo mumewe na mwalimu mwenzake waliiunga kwa vipuri vya huku na huku, kasha jeusi lenye ubavu uliofungwa kwa mkanda wa suruali, na ndani yake walijaza filamu, michezo ya redio, mechi za mpira, mihadhara, kwaya, na sauti za wanafunzi wa zamani wakighani mashairi. Mama Pampu aliitazama akaona ni mtambo kama mitambo mingine. Akatoboa daftari, akalitia uzi, akalitundika msumarini. Saa, sauti, joto, taa, mwendeshaji. Joto alilipima kwa mgongo wa mkono. Na saa sita kamili za mchana, kama walivyofanya kule kazini kwa kila pampu kwa zamu yake, aliipa mapumziko ya saa moja: anainama, anazima swichi ya ukutani, anaandika "mapumziko", anakwenda jikoni. Kwa miaka saba hakuruka hata siku moja akiwa nyumbani.

Majirani walicheka. Yeye aliwaambia mashine haifi kwa kuzeeka, inakufa kwa kupuuzwa, na kwamba hata binadamu ni hivyohivyo, kisha akawatazama wazee wao walioachwa vibarazani. Walifyata ulimi.

Lakini tusidanganyane. Mama Pampu hakuwa anaipigania kompyuta kwa sababu ya kompyuta. Alikuwa anampigania Mwalimu.

Mwalimu, mumewe, alifundisha historia maisha yake yote, na alipozeeka presha ya macho ikamwingia. Watoto waliambiwa baba yenu anaona kidogo, anaona vivuli, akikaa dirishani anaona na rangi. Uongo mtupu. Tangu mvua za mwaka juzi Mwalimu hakuwa anaona hata jua. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ilikuwa mkewe peke yake. Ni yeye aliyejua kwamba Mwalimu huhesabu hatua kumi na nne kutoka kochi hadi mlangoni, kwamba huwatambua wanawe kwa vikohozi na viatu, na kwamba kugeuza kwake uso dirishani mtu anapoingia ni maigizo.

Mwalimu aliificha hali hiyo kwa sababu watoto walishasema siku macho yakizima kabisa watawahamishia kwa Meneja, chumba cha nyuma, wawe karibu na huduma. Walisema kwa mapenzi, hilo Mwalimu alilijua. Lakini alimwambia mkewe kwamba kule atakuwa mzigo unaotolewa kiti hiki kupelekwa kiti kile, na yeye hajawa gunia.

Kila kitu kingine alikuwa anafanyiwa. Kwenda kliniki alishikwa mkono. Sahani alielekezewa nyama iko wapi. Ndevu alinyolewa. Jambo moja tu lilibaki alilolifanya bila kumwita mtu: alikuwa anachukua rimoti, anahesabu. Chini mara nne, kulia mara mbili, kitufe cha katikati: michezo ya redio. Chini mara sita, kulia moja, katikati: mpira wa zamani, ule ambao mtangazaji anaonyesha kila kitu kwa mdomo. Alikuwa ameihifadhi orodha yote kichwani kama alivyohifadhi miaka ya vita na wafalme, na kwa kuwa kompyuta ile haikuunganishwa na mtandao wowote, orodha haikubadilika hata siku moja. Kile kisanduku cha kusemeshwa alishakijaribu nyumbani kwa Meneja. Alikiambia anataka nini, kikamsikia vizuri sana, kisha kikapanga picha kumi na mbili kwenye kioo na kunyamaza, kikimngoja achague. Mwishowe Mwalimu akasema vitu hivi ni vya watoto.

Na kompyuta ilipoganda, yeye hakuwa na namna ya kujua kama imeganda au yeye ndiye aliyekosea hesabu. Alibaki anabonyeza. Anarudi mwanzo, anahesabu upya, midomo ikicheza, anabonyeza tena. Mama Pampu aliwahi kuyaona mengi, aliwahi kuona bomba kuu likipasuka na kufagia ukuta, lakini kumwona mumewe akibonyeza rimoti kwenye mashine iliyokufa kulimuuma kuliko yote hayo.

Ndiyo maana Jumapili ile alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni, akamwambia mwanawe ampe siku kumi na nne. Usiache mbachao kwa msala upitao, alimwambia. Wewe una msala mpya kila mwezi, sisi mbachao wetu tunaujua. Kama katika siku hizo mashine itaganda hata mara moja, aje aichukue mwenyewe na amletee hicho kisanduku chake kinachopokea amri. Isipoganda, asiizungumzie tena mpaka wazikwe. Meneja, ambaye ubishi aliunyonya ziwani, alikubali. Wakapeana mikono kama watu wanaouziana ng'ombe.

Kesho yake asubuhi Mama Pampu alimwita Fundi Miwani, mtengeneza redio wa kona ya pili, ambaye miwani yake hukaa kwenye paji la uso na kushuka machoni pale tu jambo linapokuwa zito. Walifungua ule mkanda wa suruali, wakavua ubavu wa kasha. Vumbi lililotoka lilikuwa limeshikana likawa kama kipande cha blanketi. Fundi alisafisha kwa brashi ya rangi, akabadilisha feni kwa nyingine aliyoing'oa kwenye mashine iliyokufa, akapaka dawa mpya ya kupoza, akaisikiliza diski na kusema bado ina moyo. Kisha akachokoa kutoka kwenye ubao kibetri kidogo cha duara, akakipima, akakuta kimekwisha kabisa. Alishangaa. Kibetri hiki, alisema, hufa mapema kwenye mashine inayonyimwa umeme mara kwa mara.

Mama Pampu alichukia. Nyumba yake si nyumba ya kukatiwa umeme, alimwambia, na kama anataka kuona risiti atamletea. Fundi alipandisha miwani yake akanyamaza, kwa kuwa alikuwa hajanywa chai na chai ilikuwa jikoni kwa mama huyohuyo.

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili, ya tatu, ya nne. Feni ilikuwa inanong'ona tu, kasha limepoa, na Mwalimu alisikiliza mfululizo wa mchezo wa redio kuhusu hakimu mla rushwa mpaka akawa anamjibu hakimu. Mama Pampu aliandika mistari yake kwa kalamu nyeusi na kutembea sebuleni kifua mbele.

Siku ya tano, saa saba na nusu mchana, sauti ya hakimu ilikatika.

Mama Pampu alikuwa jikoni anachambua mchele. Alisikia kile kimya, akaacha ungo juu ya kigoda, akaenda mpaka mlangoni. Mwalimu alikuwa amekaa wima, rimoti mkononi, anahesabu kwa midomo. Chini, chini, chini, chini. Kulia, kulia. Katikati. Hakuna kitu. Akaanza tena.

"Ni mimi au ni yenyewe?" akauliza, kwa kuwa alikuwa amezisikia ndala zake.

"Ni yenyewe."

Mwalimu akaweka rimoti juu ya goti. Kisha akasema, taratibu, kwamba mtu aliyeyaona yaliyotokea ni mmoja tu, na huyo ni mke wake, na mume mwenyewe hajaona kitu, kwa hiyo ushahidi hautoshi. Alikuwa anatania, lakini hakuwa anatania. Alikuwa anamwomba asiandike.

Mama Pampu alisimama mbele ya lile daftari muda mrefu. Meneja alikuwa mbali, asingejua. Mstari mmoja tu usioandikwa, na mumewe abaki na rimoti yake. Alitamani, na asiyetamani hapo hana mtu anayempenda. Lakini daftari lisiloandikwa ukweli ni karatasi ya kufungia karanga, na yeye hakuchukua miaka thelathini na moja kujifunza kufunga karanga. Akaandika: saa saba na nusu, imeganda. Kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akawa analia kwa hasira.

Alipomaliza kulia akafanya walichokuwa wanafanya kule kazini mtambo ukiwashinda: akashusha madaftari yote matatu, akaanza kusoma kinyumenyume. Kila palipoandikwa "imeganda" alikunja ukurasa pembe. Pembe zikawa nyingi. Akaangalia saa. Saa saba na robo. Saa nane. Saa nane kasoro. Saa saba na nusu. Saa tisa kasoro robo. Hakuna hata pembe moja ya asubuhi. Hakuna hata moja ya jioni. Zote, miaka yote, kati ya saa saba na saa tisa.

Halafu akafika kwenye zile siku tisa alizokwenda kumwuguza mdogo wake, akamwacha Mwalimu na binti yao wa pili. Aliporudi alikuwa ameandika mstari mmoja, kwa herufi za mtu aliyenuna: "Siku tisa. Haikupumzishwa. Haikuganda." Aliukumbuka ule mstari. Aliuandika kwa kumlaumu binti yake kwa uzembe.

Alivaa khanga yake, akabeba madaftari, akaenda kwa Fundi Miwani bila hata kufunga mlango wa jikoni. Fundi alisoma pembe mbili tatu, miwani ikashuka. Akauliza hayo mapumziko ya saa sita huwa yanafanywaje. Mama Pampu akasema, yanafanywaje tena, si anazima swichi ya ukutani.

Fundi hakumcheka, na kwa hilo Mungu atamlipa. Alimweleza kwamba pampu ni chuma, ukiikatia umeme inasimama, basi. Lakini ile kompyuta kila dakika ina kitu inachoandika ndani kwenye diski. Kuizima ukutani ni kumpokonya mtu kalamu katikati ya sentensi. Ikiamka, kabla ya chochote inaanza kujikagua ione nini kimeharibika, na kwa diski kubwa kuukuu ukaguzi unachukua hata saa mbili. Sasa wakati iko katikati ya kazi hiyo, mtu anaijia na rimoti anadai filamu. Siku nyingine inavumilia. Siku nyingine inasongwa.

"Kwa muda gani, mama?" akauliza.

"Miaka saba."

Fundi akaipandisha miwani yake, akatazama pembeni kwa adabu.

Nyani haoni kundule. Njia nzima ya kurudi Mama Pampu alikuwa anajisemea hivyo, kwa sauti, mpaka watu wakampisha. Kumbe ni yeye. Alimlaumu mwanawe, akalaumu vumbi, akalaumu joto na panya na watengenezaji wa vipuri, kumbe mkono uliokuwa unampiga mumewe kila mchana ni huu wake, tena kwa nia njema na kwa saa kamili. Alijisikia aibu ya kumtosha mtu na jirani yake. Akapita dukani, akaomba kalamu nyekundu. Mwenye duka akamwuliza ya shule ya mjukuu? Akasema ya kwake.

Alipofika aliandika bila kukaa: "Kosa la mwendeshaji. Alikuwa anaikatia umeme kila siku saa sita." Akatia sahihi, jina lake lote, la baba na la babu. Kisha akamsomea Mwalimu. Mwalimu alicheka mpaka akapaliwa, akacheka tena, akasema amengoja miaka arobaini ya ndoa kuisikia sentensi hiyo na laiti angekuwa na kinasa sauti karibu. Halafu akatulia. Akaomba amwonyeshe ukurasa ulipo, akapitisha kidole juu ya karatasi kana kwamba wino mwekundu una joto lake.

Siku tisa zilizobaki mashine haikupumzika. Ikifika saa sita, Mama Pampu alikuwa anakalia mikono yake. Fundi alileta betri ya akiba iliyokuwa inalala bure kibandani kwake, na siku ya kumi na moja umeme wa mtaa ulipokatika kweli, ile betri ilishikilia mpaka Mwalimu, kwa hesabu yake ya vitufe, akaizima kwa njia inayotakiwa. Haikuganda tena. Asubuhi, mchana, jioni, haikuganda.

Jumapili ya siku ya kumi na nne Meneja alikuja na kisanduku chake kwapani. Mchezo wa redio ulikuwa unaendelea, sauti imenyooka, Mwalimu kwenye kochi kageuzia uso dirishani. Meneja akasikiliza, akatabasamu kidogo, akakiri kwamba inaonekana mama ameshinda. Hapo Mama Pampu angeweza kunyamaza. Alichukua daftari msumarini, akalifungua pale siku ya tano, akamwekea mwanawe mezani.

Meneja alisoma. Alisoma na ule mwandiko mwekundu, akamtazama mama yake, akasoma tena. Wote waliokulia nyumba ile walijua maana ya rangi ile.

"Kwa hiyo iliganda," akasema.

"Iliganda."

Hakushangilia, tumpe haki yake. Hata sauti yake ilipungua. Alisema anafurahi kosa limeonekana, lakini mashine kuukuu leo ni hili, kesho ni lile, na mama yake atakuwa anainama chini ya ile meza mpaka mgongo ukatike. Na kisha, makubaliano ni makubaliano. Mama Pampu alitaka kumwambia ng'o. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini alikuwa ametoa ahadi na kupeana mkono, na mtu hawezi kutia sahihi nyekundu asubuhi akavunja ahadi yake mchana. Akasogea pembeni, akamwacha mwanawe apige magoti chini ya televisheni na kuanza kutafuta nyaya.

"Meneja," akasema Mwalimu. "Acha hizo nyaya. Niletee kalamu ya mama yako."

Mama Pampu alimwelewa kabla hajamaliza. Akamwambia kwa sauti ya chini kwamba si lazima. Mwalimu alishanyoosha mkono. Basi akampa ile kalamu nyekundu, akasogeza meza ndogo mpaka magotini kwake, na daftari likiwa wazi juu yake. Hakumwelekeza mkono. Alijua asingekubali.

Mwalimu alikuwa mtu wa kuandika ubaoni mstari mnyoofu bila rula, wanafunzi walikuwa wanaweka dau. Sasa alipapasa karatasi kwa mkono wa kushoto, akaweka ncha ya kalamu, akaandika. Alianzia juu ya mwandiko wa mkewe, katikati ya "umeme". Herufi zilikuwa zilezile nzuri za zamani, lakini mstari ulipanda, ukavuka ukurasa, ukashuka ukingoni mwa daftari na kuendelea kwenye kitambaa cha meza, na yeye akaendelea kuandika kwa utulivu kabisa, uso umeelekea dirishani. Aliandika: "Sioni kitu. Niliwadanganya wanangu." Sahihi yake yote ilikuwa kwenye kitambaa.

Meneja alikuwa bado amepiga magoti. Aliutazama ule mstari ulivyotoka kwenye karatasi, akautazama mpaka mwisho wake. Akauliza tangu lini, na Mwalimu akamjibu tangu mvua za mwaka juzi. Meneja akaanza kulia palepale chini, mtu mzima na tumbo lake, akisema kwa nini hamkuniambia, baba, kwa nini.

"Kwa sababu ungenihamisha," akasema Mwalimu. "Na siendi. Kwako nitakuja kutembea, nitakula, nitacheza na wajukuu, nitarudi kwangu. Sikiliza."

Akachukua rimoti. Hakuharakisha. Chini, akasema kila alipobonyeza, chini, chini, chini, chini, chini. Kulia. Katikati. Uwanja ukapiga kelele kutoka kwenye televisheni, na yule mtangazaji wa zamani akaanza kukimbia na mpira kwa mdomo.

"Mchana kutwa namwita mama yako kwa kila kitu," akasema. "Hapa simwiti mtu."

Meneja alijifuta uso kwa mkono wa shati. Akaiomba rimoti, akafumba macho, akasema anataka kurudi kwenye ule mchezo wa redio. Alibonyeza chini, akabonyeza tena, akasita, akabonyeza mahali fulani, akajikuta kwenye ukurasa wa kupanga lugha. Akajaribu mara ya pili, mpira ukazimika kabisa. Mara ya tatu Mama Pampu alimpokonya rimoti kabla hajawavurugia orodha nzima, akamrudishia mwenyewe. Mwalimu akairudisha mechi kwa vitufe vinane.

Hakuna aliyemwambia Meneja afanye nini. Alisogeza daftari, akachukua kalamu nyekundu, na chini ya mwandiko wa mama yake, pale palipobaki nafasi, akaandika kwamba alitaka kuing'oa bila kuuliza inamfanyia nini baba. Akatia sahihi. Kisha akakichukua kisanduku chake, akakipeleka garini, na aliporudi akauliza kama kuna diski nyingine ya ukubwa ule, kwa sababu kitu kama hiki, alisema, lazima kiwe na nakala. Mama Pampu akamwambia hilo ndilo neno la kwanza la maana alilolisema wiki mbili hizi, na aende akanawe, chakula kipo.

Mechi ilikuwa imefika kipindi cha pili. Mama Pampu aliinama, akaweka mgongo wa mkono kwenye kasha, akasikiliza feni, akatazama taa. Akarudi kwenye daftari na kalamu nyeusi. Saa nane na robo, akaandika. Sauti ya kawaida. Joto la kawaida. Taa zote zinawaka. Akafika mwisho wa mstari, mahali ambapo kwa miaka saba, ukurasa baada ya ukurasa, palikuwa na jina lake tu. Akafikiri kidogo, kisha akaandika: Mwendeshaji wa zamu, Mwalimu.